Jalada la Mchoraji

Jalada la michoro hushushwa na kazi moja dhaifu. Vyuo vinavyofundisha uchoraji wa picha za vitabu na magazeti huomba kazi chache tu; Rhode Island School of Design ya Marekani hutaka kati ya 12 na 20, na iliyowekwa kujazia nafasi hujulikana mara moja. Wanaochagua wanafunzi hutafuta kwanza mkono uliozoea kuchora vitu halisi: viatu, vyombo vya jikoni, abiria aliyesinzia. Nakala ya katuni maarufu, hata iwe safi namna gani, huonyesha subira tu. Daftari la michoro ya haraka, pamoja na mistari yake iliyofutwa, mara nyingi huwa na uzito zaidi, kwani humo mwombaji huonekana akifikiri.