Aliyeshauriwa Hana Udhuru

Tumeulizwa darasani suala ambalo twaona lafaa kujibiwa waziwazi: iwapo serikali imewaita raia washauriane juu ya mpango wa kuhifadhi maji, nao wakahudhuria na kukubali, kisha maji yakapotea, lawama ni ya nani?

Wengi hujibu upesi kwamba lawama yote ni ya serikali, kwa kuwa ndiyo yenye fedha na amri. Sisi hatuoni hivyo. Na ili hoja yetu isiwe ya hewani, natutazame Kitui na Makueni.

Katika kaunti hizi mbili za Ukambani mito mingi haina maji ya kudumu. Mvua ikinyesha mto hufurika kwa muda mfupi, kisha hukauka, ukabaki mchanga. Lakini maji hujificha ndani ya mchanga huo, jua lisiyafikie, na akina mama huyafukua muda mrefu baada ya mvua kukatika. Ndiyo sababu watu wa huko wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga: ukuta wa mawe na saruji hukingama mto, mchanga ukajikusanya nyuma yake, na kiasi cha robo ya mchanga wenye chembe kubwa yaweza kuwa maji ya kuchota. Kazi nyingi hufanywa kwa mwethya, yaani ushirika wa Wakamba wa kusaidiana bila ujira.

Basi mchanga ndio tangi la maji. Na mchanga huo huo ndio unaotakiwa na wajenzi wa mijini. Lori likiondoka nao usiku, muuzaji hupata fedha za siku chache, na jirani zake hupoteza kisima. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Sheria ni njema. Lakini askari hawezi kulala katika kila mto. Aulindaye mto ni yule akaaye ukingoni.

Hapa ndipo ushauri unapokuwa na maana. Katiba ya Kenya ya 2010 imeweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa misingi ya utawala, na imempa kila mtu haki ya maji safi na ya kutosha. Makueni, katika siku za Gavana Kivutha Kibwana (2013 hadi 2022), ilijenga desturi ya mikutano inayoanzia vijijini na kupanda hadi kaunti.

Lakini ushauri una haki mbili. Ya kwanza iko juu ya mtawala: aulize kabla ya kukata shauri. Mji wa Kitui au wa Wote ukitaka kugawa maji kwa zamu, na aulizwe mwanamke abebaye mtungi, kwani yeye ndiye ajuaye bomba lipi lavuja na foleni ipi huanza alfajiri. Kumwita mtu aje apige makofi kwa jambo lililokwisha amuliwa si ushauri, ni mzaha.

Ya pili iko juu ya raia, nayo ndiyo isahauliwayo. Aliyeshauriwa akakubali amefunga ahadi. Akiinua mkono mchana kuulinda mto, na usiku akapokea fedha za lori, amewafanyia khiyana wenzake, na watoto ambao hawakuwamo mkutanoni.

Atasema mtu: mwenye njaa atakula nini asipouza mchanga? Suala hili ni la haki, wala halijibiwi kwa mawaidha. Mpango usiomtazama kijana huyo haujatimia. Apewe ujira wa kujenga mabwawa na kulinda mito, na mchanga uchotwe pale tu panaporuhusiwa na watu wa mto wenyewe. Hata hivyo, umasikini hauhalalishi kuuza kisima cha jirani, ambaye naye ni masikini.

Nasi tuliokatazwa israfu ya maji hata katika udhu, yatupasa tuwe wa mbele katika mikutano hiyo pamoja na jirani zetu wa kila dini, maana kiu haibagui.

Basi jibu letu ni hili: mtawala asiyeuliza amedhulumu, na raia aliyeulizwa, akakubali, kisha akavunja, hana udhuru. Wa billahi tawfiq.