Je, Ni Halali Kumhesabu Mtu?

Kwetu Runyenjes, Embu, watoto hawakuhesabiwa kwa sauti. Mzazi aliyeulizwa ana wangapi alitaja majina yao, au alisema Mungu amemjalia, akanyamaza. Kutamka idadi kulikuwa sawa na kukionyesha kifo mlango. Mwiko huo ulikuwepo Mbeere na Meru pia, na wazee wengi wangali wanaushika. Mimi nililelewa ndani yake, nikafundisha shule ya Jumapili, kisha nikaenda kusomea uzamili wa masuala ya idadi ya watu na afya ya umma, taaluma ambayo kazi yake ya kwanza ni kuhesabu: waliozaliwa, waliohama, waliokufa. Kwa hiyo swali hili limekaa rohoni mwangu: je, ni halali kumhesabu mtu?

Maandiko hayalijibu kwa neno moja. Katika kitabu cha Hesabu, Mungu mwenyewe anamwagiza Musa awahesabu watu. Katika 2 Samweli 24, Daudi anawahesabu, Yoabu anamsihi aache, na tauni inaua 70,000. Tendo ni lile lile, hukumu ni mbili. Mimi naona ufunguo uko katika Kutoka 30. Hapo kila anayehesabiwa hutoa nusu shekeli ili tauni isiwapate watu. Tajiri asizidishe, maskini asipunguze, na fedha yote iende kwenye huduma ya hema ya kukutania. Najifunza hapo mambo mawili. La kwanza, katika hesabu iliyo njema kila mtu ni mmoja, awe na mali au asiwe nayo. La pili, hesabu huzaa deni, na deni hilo hulipwa kwa huduma. Daudi alihesabu wanaume wa kushika upanga. Hesabu yake haikumhudumia mjane wala yatima.

Wazee wetu waliwajua wahesabu wa namna hiyo. Serikali ya kikoloni ilihesabu nyumba ili itoze kodi ya kibanda. Wanaume walivishwa kipande cha utambulisho shingoni. Mwaka 1954, katika Operesheni Anvil jijini Nairobi, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na watu wengine, wakachujwa, na maelfu wakapelekwa vizuizini. Huku mashambani, familia zilihamishwa kwa nguvu na kurundikwa katika vijiji vya dharura. Kwa aliyepitia hayo, mgeni mwenye kalamu na orodha hakuja kwa heri. Msomi anayeuita mwiko ule ushirikina hajaisoma historia ya watu anaowahoji.

Utafiti wangu ulihusu vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano. Katika boma moja karibu na Kiritiri, huko Mbeere, nilikaa chini ya mwembe na mama wa makamo, mama mkwe wake akipeta ndengu kando yetu. Nilipofika kwenye swali la idadi ya watoto, bibi yule aliinua kichwa.

"Mwanangu, hapa watoto hawahesabiwi."

"Nimesikia, cucu. Nifanyeje basi?"

"Uliza majina. Jina halina ubaya."

Dodoso langu lilikuwa na nafasi ya majina tayari, kwa sababu historia ya uzazi huandikwa mtoto mmoja mmoja, tangu wa kwanza hadi kitinda mimba. Mama akataja wavulana wawili, mmoja amebeba jina la babu mzaa baba, mwingine la babu mzaa mama, kama desturi inavyotaka. Akataja na msichana. Kisha nikauliza linalolazimu kuulizwa: kuna mwingine aliyezaliwa hai, hata kama aliishi siku chache? Akanyamaza. Uteo nao ukatulia. Halafu akataja jina la binti aliyezaliwa kabla ya yule msichana, akaeleza homa iliyompata katika wiki yake ya tatu, usiku, pikipiki ikakosekana. Jina lile lilikuwa la mama mkwe.

John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alieleza katika African Religions and Philosophy ya mwaka 1969 kwamba marehemu huendelea kuwa hai kwa namna yake maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Mzee huacha wakumbukaji wengi. Kichanga wa wiki tatu huacha wawili au watatu, na mara nyingi hata wao hawaulizwi. Mskoti William Brass, aliyeanza kazi katika idara ya takwimu ya Afrika Mashariki mwaka 1948, alibuni njia ya kukadiria vifo vya watoto mahali pasipo na rejista: waulize akina mama wa kila rika wamezaa wangapi, na wangapi wako hai. Elimu hiyo yote imesimama juu ya kumbukumbu ya mama. Anayeitumia ameazima kitu kitakatifu.

Mtu atanipinga. Atasema kwamba mwishowe nilifuta majina ili kulinda siri za watu, na binti yule akabaki mstari mmoja katika faili, na kwamba hicho ndicho wazee walichokiogopa. Pingamizi hili ni la haki, na silikwepi. Lakini kukataa kuhesabu si huruma. Mchungaji wa Luka 15 angejuaje kwamba kondoo mmoja amepotea kama hakuwahesabu mia? Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2003 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini Kenya, 115 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2022 ulionyesha 41. Bila hesabu hizo tusingejua kama chanjo na vyandarua vinaokoa, wala ni wapi watoto bado wanakufa. Mtoto asiyehesabiwa huliliwa nyumbani kwake, na wenye mamlaka wakanawa mikono.

Kule Mikinduri, Meru, nilitembea na mhudumu wa afya ya jamii ambaye kaya zake ni kama mia moja. Daftari lake lina kila kitu: mjamzito aliyekaribia kujifungua, mtoto aliyekosa chanjo, mzee wa shinikizo la damu. Sikuona mtu akimficha watoto wake, kwa maana wote wanajua kesho atapita tena.

Basi naamini hivi: kumhesabu mtu ni halali kwa yule anayekubali kudaiwa. Siku hizi nusu shekeli inamwangukia anayehesabu. Kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kinanidai ripoti. Dhamiri inanidai zaidi, nirudi kwenye baraza na kuwaambia akina mama kile ambacho majibu yao yameonyesha, kwa lugha yao. Wenzangu mnaosoma katika vyuo vikuu vya Chuka, Embu, KeMU na Nchiru, tasnifu ikishajalidiwa kazi imefika nusu. Pelekeni matokeo kwa chifu, kanisani, na kwa wawakilishi wa wadi wanaopitisha bajeti ya zahanati.

Na wewe msomaji, sensa ya 2019 ilihesabu watu 608,599 Embu na 1,545,714 Meru, na wewe huenda ulikuwa mmoja wao. Mhesabu atakuja tena. Mkaribishe, mjibu kweli, mtajie na wale waliotangulia. Kisha mwulize atarudi lini, na ataleta nini.