Je, Mkono Utangulie Kibali?

Swali tunalotaka kulipima mwezi huu laweza kuonekana dogo, tena la watu wachache. Mtu anataka kununua bunduki, lakini hajapata leseni. Anasafiri hadi mji mkubwa, anaingia katika duka linalouza silaha kwa idhini ya serikali, na muuzaji anamtolea bastola kabatini na kumwambia, "Shika, usikie uzito wake." Je, afanya vema akiishika? Na yule anayempa, je, afanya vema?

Wengi wetu hapa Kigoma na Ujiji hatujaingia katika duka la namna hiyo, wala hatutaingia. Hata hivyo swali latuhusu. Wapo kati yetu wafanyabiashara wanaosafiri na fedha. Wapo wenye maboti wanaohofia injini zao usiku. Wapo wakulima ambao nguruwe pori na nyani huwamalizia mahindi. Hao huwaza habari ya bunduki, na sisi tusioiwaza tunaishi nao mtaa mmoja.

Watu hulijibu swali hili kwa njia mbili. Wengine husema, "Kuna ubaya gani? Kushika si kununua, na bunduki haina risasi." Wengine husema, "Asiye na kibali asiguse kabisa. Kibali kwanza, mkono baadaye." Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini kila moja limeacha kitu nyuma.

Tuanze na hili la pili, kwa kuwa ndilo lenye sura ya uadilifu. Sheria yetu ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi haimpi leseni kila aombaye. Yataka mtu awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu, na awe na cheti cha kuthibitisha kwamba anafaa na anajua kuitumia silaha salama. Basi tuulize: atajuaje kuitumia mtu ambaye mkono wake haujaigusa hata siku moja? Tukisema mkono usitangulie kibali kwa hali yoyote, tutakuwa tunatoa vibali kwa mikono isiyojua kitu. Hilo ni hatari kuliko lile tulilolikimbia.

Sisi tuliofanya kazi ya ualimu twalijua jambo hili vizuri. Mwanachuo wa ualimu hupelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha kabla hajapata cheti. Husimama mbele ya watoto wa watu, chaki mkononi, na bado si mwalimu. Hakuna mzazi anayelalamika, maana anajua kwamba mwalimu wa darasa yupo, ameketi nyuma, anatazama na kuandika. Mwanachuo akipotoka, mwenye darasa atasimama. Cheti huja baadaye, kama ushuhuda wa kile ambacho mkono umekwisha kuonekana ukikifanya.

Na bunduki yenyewe, wengi wa rika letu tuliishika kwanza wapi? Tuliishika Jeshi la Kujenga Taifa. Jeshi hilo lilianzishwa mwaka 1963, na kwa miaka mingi vijana waliomaliza masomo walikwenda kwa lazima, hadi utaratibu huo uliposimamishwa mwaka 1994. Ulirudishwa mwaka 2013. Katika kambi za JKT, kama ile ya Bulombora hapa mkoani kwetu, kijana aliyekuwa hajui mtutu na kitako alifundishwa kuifungua bunduki, kuisafisha na kuiunga tena. Hakuwa na leseni. Lakini bunduki ilitoka ghalani kwa hesabu na ikarudi ghalani kwa hesabu. Siku ya shabaha risasi zilihesabiwa, na maganda yakaokotwa yakahesabiwa pia. Afande alisimama nyuma ya kila mpigaji, na neno lake likawa la mwisho.

Basi twaona kwamba mkono kutangulia kibali si kosa lenyewe. Lakini tuangalie ni nini kilichouzunguka mkono ule. Kwanza, palikuwa na jicho la mtu mwenye dhamana. Pili, silaha ilikuwa imehakikishwa tupu mpaka wakati wake ufike. Tatu, aliyeishika alijua kwamba si yake na kwamba atairudisha atakapoambiwa. Waswahili tuna neno moja linalokusanya mambo hayo yote, nalo ni amana. Kitu cha amana kimo mkononi mwangu, lakini mwenyewe yupo, na nitamjibu.

Twende sasa na vipimo hivyo mpaka pale dukani. Mnunuzi akiishika bastola mbele ya muuzaji, anaishika chini ya kivuli cha idhini ya muuzaji, kama mwanachuo anavyosimama chini ya kivuli cha mwalimu wa darasa. Yampasa aombe kwanza, asijichukulie. Yampasa aoneshwe kwamba haina risasi, naye aangalie kwa macho yake mwenyewe, asiamini maneno tu. Mtutu usielekee kwa mtu, hata kwa mzaha. Kidole kikae mbali na kifyatulio. Akiambiwa arudishe, arudishe papo hapo. Mtu anayeona masharti haya ni usumbufu amekwisha kujijibu mwenyewe kama anafaa kupewa leseni.

Muuzaji naye ana wajibu, na huenda wake ndio mkubwa zaidi. Anayeweka silaha katika mkono wa mwingine hawezi kusema baadaye kwamba yeye alikuwa anauza tu. Akiona mtu ananuka pombe, au anaongea kwa hasira juu ya jirani yake, au amekuja na mtoto na anataka mtoto naye ashike, yampasa aifungie silaha kabatini na kupoteza biashara ya siku hiyo. Methali yetu husema, mtoto akililia wembe, mpe. Wahenga waliisema ili mkaidi afundishwe na maumivu yake mwenyewe. Lakini wembe humkata aliyeushika, na bunduki mara nyingi humkata mwingine. Hapo methali haitufai.

Tukirudi kwa wale wa jibu la kwanza, wanaosema kushika si kitu, historia ya pwani yetu hii ya ziwa yawapinga. Karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji ilileta bunduki za gumegume na baruti, zikabadilishwa kwa pembe za ndovu na kwa wanadamu wenzetu. Aliyezishika leo alikuwa bwana wa kijiji cha jirani kesho. Hali ilikuwa mbaya hata mataifa yakaafikiana huko Brussels, mwaka 1890, kuzuia uingizaji wa silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, pamoja na kuzuia biashara ya watumwa. Mwaka 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo, na silaha za vita hivyo zilipita katika mji wetu. Mwaka 1996 vita vikawaka tena ng'ambo, na tukawapokea ndugu zetu waliokimbia, wengine wakapelekwa Nyarugusu. Katika vita hivyo walikuwamo watoto walioitwa kadogo, ambao walipewa bunduki wakati wenzao wa umri huo walipaswa kuwa wanajifunza kuandika insha.

Hakuna aliyewauliza kadogo wale kama wanafaa. Bunduki iliwekwa mkononi, na mkono ukamfundisha moyo. Huo ndio ukweli ambao jibu la kwanza limeuacha. Kitu kizito kilichoumbwa kwa ajili ya kuua kikikaa mkononi, hakikai mkononi peke yake. Mtu mfupi hujiona mrefu. Aliyeonewa jana huanza kufikiri habari ya kesho. Dunia imekwisha kukiri kwamba anayefanya hivyo kwa mkono wa mtoto ana hatia kubwa. Mwezi Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague ilimtia hatiani Thomas Lubanga wa Ituri, katika nchi hiyo hiyo ya jirani zetu, kwa kuandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani. Yeye ndiye aliyetakiwa kujibu.

Kwa sababu hiyo twasema kwamba kushika silaha kabla ya kibali ni mtihani, na anayetahiniwa ni mtu. Tunayo habari ya Daudi na mavazi ya Sauli. Mfalme alimvika silaha zake mwenyewe, chapeo na upanga, tena kwa nia njema. Daudi hakukataa kuzijaribu. Alizivaa, akajaribu kwenda nazo, akajiona kwamba hakuzizoea, akazivua. Alijaribu mbele ya mwenye mali, na baada ya kujaribu alikuwa bado huru kusema hapana. Mtu anayeingia dukani akiwa amekwisha kuamua kwamba lazima atoke na bunduki hajaribu kitu. Bali anayeweza kuishika, akausikia moyo wake unavyoruka, akaiweka chini na kusema, "Hii si kazi yangu," huyo amefaulu hata kama harudi tena.

Hapa msomaji mwenye busara atatupinga. Atasema, "Mbona mnakitukuza kibali? Wakoloni nao walikuwa na vibali, wakavitumia ili bunduki zibaki kwa watawala. Na siku hizi tumesikia wenye leseni halali waliowapiga risasi wake zao." Ni kweli. Hata Maandiko yatukumbusha jinsi Wafilisti walivyowanyima Waisraeli wahunzi, wasije wakajifanyia panga na mikuki. Karatasi haiutakasi mkono. Kama kibali ni neno la mkubwa kwa mdogo tu, hakina uzito mkubwa katika maadili.

Lakini tuangalie maombi ya leseni yanaanzia wapi katika nchi yetu. Yanaanzia kwetu, kwenye serikali ya mtaa au ya kijiji, ndipo yapande kwenye kata na wilaya na kwenda mbele. Ni kwa sababu majirani ndio wanaojua. Polisi wa wilaya hajui ni nani humpiga mkewe siku za mwisho wa mwezi. Sisi twajua. Hajui ni nani alitishia kumwaga damu kwa sababu ya mpaka wa shamba. Sisi tulikuwapo. Basi kibali, kikitolewa kama inavyopasa, ni sauti ya wale ambao wanaweza kuumizwa, wakisema: twamfahamu mtu huyu, na twakubali aishi kati yetu akiwa na silaha.

Na hapo ndipo twaona aibu kuliko dukani. Ni mara ngapi tumenyamaza au kukubali kwa sababu mwombaji ni mtu mkubwa, au ni shemeji, au ametuchangia katika msiba? Twamlaumu muuzaji wa mjini anayempa mgeni bastola aishike kwa dakika mbili, ilhali sisi, kwa ushuhuda wa uongo, twampa jirani tunayemjua aishike kwa miaka yake yote.

Kadhalika tuangalie nyumba zetu. Yapo magobole yaliyofichwa darini na chini ya vitanda. Wajomba huwaita wapwa zao na kuwaambia, "Njoo ushike, uwe mwanamume." Hapo hapana muuzaji mwenye idhini, wala afande, wala hesabu ya risasi. Hapana amana yoyote. Tunakumbuka miaka ambayo mabasi ya kwenda Kasulu na Kibondo yalisindikizwa na polisi wenye silaha kwa hofu ya majambazi. Bunduki zile zilikuwa zimepita katika mikono mingi ambayo hakuna aliyeiuliza neno. Serikali imetoa zaidi ya mara moja muda wa kusalimisha silaha haramu kwa hiari bila kushitakiwa. Mwenye nayo asingoje kutafutwa. Na anayeikuta silaha porini au ufukweni asiiguse. Amwite mwenyekiti na polisi.

Basi, kwa ndugu yetu anayetaka kwenda dukani, jibu letu ni hili. Nenda kwa haki, sema wazi kwamba huna leseni bado, na uombe kuoneshwa. Ukipewa, shika kama ushikavyo mtoto wa mwenzako. Kisha iweke chini, rudi nyumbani, ukae na mkeo na watoto wako wakubwa, uwaeleze ulichokisikia moyoni ulipokuwa umeishika. Baada ya hapo ndipo ujaze fomu, au uichane.

Nasi majirani, fomu hiyo itakapotufikia, tuijibu kwa kweli.