Mbwa ni najisi, lakini uhai wake si takataka

 

Ndugu Waislamu, ninaloliandika leo wapo watakaoliona dogo, na wapo watakaosema si la kuandikwa katika gazeti la Waislamu. Ni habari ya mbwa aliyeingiwa na sumu ya nyumbani, na kama inatupasa kumkimbiza kwa daktari wa mifugo au tumwache afe kwa kuwa ni mbwa. Waliozoea kunisoma juu ya mitaala na Mahakama ya Kadhi wanistahamilie wiki hii. Swali limetoka kwa mwanafunzi wa madrasa hapa Kilole, Korogwe, naye hakulitoa kitabuni.

Nianze pale tunapoanzia wengi wetu, yaani kwenye najisi. Sisi wa ukanda huu wa Tanga tumelelewa katika madhehebu ya Imam Shafii (RA). Mtoto wetu hata Alhamdu hajaihifadhi vizuri, tayari anajua kuwa mbwa ni najisi mughaladha, na kuwa akigusana naye kwa umajimaji ataosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Hadithi ya chombo kilichorambwa na mbwa ameipokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Huraira (RA), na hatuna ubishi nayo. Ndugu zetu Wamaliki wana rai nyingine, wao mbwa aliye hai kwao ni twahara, lakini sina haja ya kuhama madhehebu ili nijibu swali hili. Jibu limo humu humu ndani ya Ushafii.

Tatizo ni kuwa tumesomesha nusu ya somo. Tumemfundisha mtoto kumkimbia mbwa, hatukumfundisha kujitwaharisha baada ya kumsaidia. Na kama unafikiri vizuri, hukumu ya kuosha mara saba yenyewe ni dalili kuwa watu waliohutubiwa walikuwa wanaishi na mbwa majumbani na mashambani mwao. Mtu asiyekaribiana na mbwa kabisa angehitaji udongo wa nini?

Sasa lililotokea. Familia moja ya jirani ina mbuzi wachache, kuku, na kijishamba cha mahindi. Wanafuga mbwa kwa ajili ya wezi wa usiku na ngedere wa mchana, na hilo limeruhusiwa, kwani katika hadithi za Bukhari na Muslim Mtume (SAW) amewatoa katika lawama mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Jike lao lilizaa. Mmoja wa watoto wake, wa miezi kama miwili, alijaa viroboto na kupe. Kijana mmoja wa nyumba ile akachukua dawa ya kuogeshea mbuzi iliyokuwa imebaki, akampaka mwili mzima kama ilivyo, bila kuichanganya na maji. Baada ya muda mfupi kitoto kikawa kinayumba, mate yanakitoka, kisha kikalegea kama kitambaa kilicholowa.

Mwanafunzi wangu akakibeba ndani ya kipande cha gunia mpaka nje ya madrasa, karibu na bomba la msikiti. Mzee wetu mmoja akamfukuza: "Wewe mtoto, ondoa najisi hiyo hapa!" Mtoto akanigeukia machozi yakimtoka. "Ustadh, nikimshika nimuoshe, swala zangu zitakwenda bure?"

Mzee yule ni kama baba yangu, na kuhusu eneo la msikiti alikuwa na haki, mahali pa twahara hapaoshewi mbwa. Lakini hakumwambia mtoto ampeleke wapi, akanyamaza hapo. Swali la mtoto halikuwa la ukaidi. Alikuwa tayari kuacha kiumbe kife ili swala yake ikubaliwe, kwa sababu ndivyo alivyoelewa mafundisho yetu. Hilo lilinishughulisha kuliko hata yule mbwa.

Nilimpigia simu bwana mifugo. Kabla hajapanda pikipiki yake alitoa maelekezo, na nayaandika hapa kwa sababu yanamfaa kila mwenye mnyama. Muosheni sasa hivi, msinisubiri, kwa maji mengi ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, kwani sumu iliyo kwenye manyoya inaendelea kuingia mwilini kwa ngozi na kwa kujiramba. Vaeni glavu, na kama hamna, fungeni mikono kwa mfuko wowote wa plastiki. Msimpe maziwa wala mafuta. Akishaoshwa, mkausheni na mumfunike apate joto. Na tafuteni chupa ya dawa.

Kuhusu maziwa nieleze kidogo, maana hii ni imani kubwa mitaani. Maziwa si dawa ya kila sumu. Kuna sumu zinazoyeyuka katika mafuta, nazo maziwa yanaweza kuzisaidia kuingia mwilini. Isitoshe, mnyama aliyelegea hamezi vizuri, ukimmiminia kitu kwa nguvu kinakwenda mapafuni. Kumtapisha nako kuna hatari yake. Aliyekunywa mafuta ya taa akitapishwa, mafuta huingia kwenye pumzi. Aliyeramba dawa ya chooni au kostiki soda ya kutengenezea sabuni, koo lililoungua wakati wa kushuka litaungua tena wakati wa kupanda. Na dawa ya panya ya aina ile inayozuia damu kuganda ina hila yake: mnyama anaonekana mzima siku mbili tatu, kisha anaanza kutokwa na damu. Dawa yake ipo, ni vitamini K1, lakini anayesubiri dalili huwa amechelewa. Wanyama wadogo wanakwenda haraka zaidi. Tone linalomsumbua tu mbwa wa kilo 20, kwa wa kilo 2 ni mara kumi ya kipimo hicho.

Tulimuoshea uwanjani kwao, si msikitini. Bwana mifugo alipofika, swali lake la kwanza lilikuwa lile lile: "Chupa iko wapi?" Ikaletwa. Ilikuwa chupa ya maji ya kunywa, haina lebo, haina jina, ndani mna kitu cha rangi ya maziwa. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini aliisisitiza. Dawa za kupe ni za makundi mbalimbali. Zipo za organofosfeti, ambazo humfanya mnyama atetemeke, aharishe, na mboni za macho zisinyae kama tundu la sindano, nazo hutibiwa kwa atropini. Zipo za amitrazi, ambazo humlaza mnyama, mwili ukapoa na mapigo ya moyo yakapungua kasi, na hizo atropini haizifai, inaweza kumzidishia madhara. Tabibu asiyejua ndani ya chupa mna nini anafanya kazi gizani. Alimpima, akamkuta baridi na moyo unakwenda polepole, akaamua kwa dalili hizo: dripu, joto, na kumwangalia. Alfajiri ya pili mtoto yule wa mbwa alisimama akanywa maji. Gharama yote haikufika bei ya kuku mmoja wa kienyeji.

Turudi kwenye dini. Wengi tunaijua hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji kwenye khofu yake, akaishika kwa meno akapanda nayo, akamnywesha mbwa aliyekuwa anaramba udongo kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Masahaba walipouliza kama kweli kuna ujira katika wanyama, Mtume (SAW) aliwajibu kuwa ujira upo kwa kila kilicho hai. Hadithi hii tunaisimulia vizuri sana kwenye mihadhara. Ukimleta mbwa mwenyewe mlangoni, tunaisahau.

Lakini kwa aliyeuliza kuhusu swala, dalili iliyo wazi zaidi imo katika mlango wa tayamamu. Mtu ana maji ya kutosha udhu wake tu, wakati wa swala umeingia, na pembeni yake yuko mnyama mwenye heshima ya uhai anayetaka kufa kwa kiu. Wanachuoni wetu wa Kishafii, akiwemo Imam Nawawi katika Minhaj, wanasema maji yale yaachiwe mwenye kiu, mtu atayamamu. Na walipofafanua ni mnyama gani asiyeingia katika hukumu hiyo, walimtoa mbwa mkali mwenye kudhuru watu. Mbwa asiye na madhara kabaki ndani. Madhehebu yale yale yaliyomwita najisi ndiyo yanayokwambia umpe maji yako ya udhu. Basi vipi mtoto aogope kuwa kumuosha mbwa anayekufa kutabatilisha swala zake? Ataosha mikono mara saba, mara moja kwa udongo, atabadili nguo au ataiosha vivyo hivyo, atatawadha ataswali. Hakuna dhambi hapo ya kutubia.

Al-Izz bin Abdissalam, Mshafii mkubwa aliyefariki mwaka 660 Hijria, sawa na 1262, alipotaja haki za mnyama juu ya binadamu, alitaja kuwa mwenye mnyama amhudumie hata anapozeeka au kuugua kiasi cha kutokuwa na faida naye. Hayo yameandikwa zaidi ya miaka 700 kabla Bunge letu halijatunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo nayo inamhesabu anayemtesa mnyama kuwa mkosaji.

Wapo watakaonijia na hadithi ya kuuawa mbwa wa Madina. Nawaomba waisome mpaka mwisho. Jabir bin Abdillah (RA), katika mapokezi ya Muslim, anaeleza kuwa Mtume (SAW) baadaye aliwakataza, akabakisha mmoja tu mweusi wa sifa maalumu. Anayewatupia mbwa wa mtaa nyama yenye sumu usiku asijifiche nyuma ya hadithi hii, kwanza hajui asubuhi itaokotwa na nani. Na Qur'an yenyewe, katika Suratul Kahf (18:18 na 18:22), imemtaja mbwa wa wale vijana wa pangoni na kumweka katika hesabu yao. Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, ni kweli, ndiyo maana mbwa wa ulinzi halali sebuleni. Hilo ni jambo la mahali pa kumlaza, halina uhusiano na kumwacha afe.

Nirudi kwenye ile chupa, maana ndiyo iliyoninyima usingizi. Chupa ya maji ya kunywa, ndani sumu, imewekwa chini ya kitanda katika nyumba yenye watoto wanne. Leo ni mbwa. Nimepita nyumba kadhaa baada ya pale: mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, dawa ya kufulia kwenye chupa ya juisi, kostiki soda ya kikundi cha akina mama kwenye kopo la maziwa ya unga. Na siwalaumu akina mama peke yao, kwani wauzaji ndio wanaopima dawa kidogo kidogo na kuwapa wateja bila jina wala kipimo. Muuzaji Muislamu anayefanya hivyo ajiulize, faida ya chupa ile ataitetea vipi mbele ya Allah, wakati tumeamrishwa tusidhuru wala tusidhuriane.

Jumamosi ijayo baada ya Adhuhuri bwana mifugo amekubali kuja kuzungumza na wazazi madrasani. Waliomo nyumbani mwao na chupa zisizo na lebo wazilete zikiwa zimefungwa, yeye atajua pa kuzipeleka. Wasizimwage mtoni. Mto Pangani ukitoka hapa Korogwe unakwenda Hale, na huko nako kuna watu na mifugo. Na yule mwanafunzi nimempa kazi ya kuwaonyesha wenzake namna ya kuosha beseni mara saba. Udongo safi tutauchota nyuma ya madrasa.

Wabillahi tawfiq.