Deni Lisilo na Mdai

Katika rafu ya vitabu sebuleni kwangu, hapa Magomeni, kuna kigae cha chungu kisichozidi kiganja cha mtoto. Wageni hawakitazami. Mimi kimeninyima raha miaka mingi, na sasa nimevuka sabini, naona ni vema nieleze sababu.

Mwaka 1986, nikiwa mkufunzi wa chuo cha ualimu, niliwapeleka wanachuo wangu Engaruka, mkoani Arusha, chini ya milima ya ukingo wa Bonde la Ufa, si mbali na Oldoinyo Lengai. Hapo yapo magofu ya wakulima wa kale: kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa, viwanja vya nyumba vilivyosawazishwa kwenye mteremko, na mifereji iliyopeleka maji ya mito katika mashamba ya hekta zipatazo 2,000. Louis Leakey alifika kuyachunguza mwaka 1935. Wataalamu hukadiria kuwa watu waliishi pale tangu karne ya 15 hivi hadi ya 18, kisha wakahama. Wengine hudhani maji yalipungua. Jina walilojiita halikubaki.

Kabla ya kupanda niliwaonya wanachuo kwamba mtu asiokote chochote. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu hivyo, na tena mwalimu hachukui kisicho chake. Tulipokuwa tukishuka, wao wametangulia, nikakiona kigae miguuni pangu, kimeiva kwa moshi wa jiko la zamani. Nikainama kama mtu afungaye kamba za viatu.

Tangu siku hiyo nimejitetea kwa hoja tatu. Kwanza, nimemwibia nani? Mwenye chungu amekufa, hana jina wala mrithi. Deni lisilo na mdai ni deni gani? Pili, yaliyopita si ndwele. Tatu, vigae viko vingi.

Hoja ya tatu niliitupa mapema, kwa sababu kila mwanafunzi niliyemkamata na chaki mfukoni aliniambia kuwa chaki ziko nyingi. Ya pili nayo ni ya mtu aliyekwisha kuacha kosa, na mimi kigae bado ninacho. Ile ya kwanza ndiyo iliyonisumbua. Kwa muda nilijijibu kuwa huenda warithi wapo, maana baadhi ya wataalamu huwahusisha watu wale na Wasonjo, ambao nao ni mabingwa wa kilimo cha mifereji. Lakini tuseme hakubaki hata mmoja. Je, kigae kingekuwa halali yangu?

Hapa mtaani hutokea akafa mpangaji ambaye hakuna amjuaye jamaa yake. Watu huchanga sanda, wakambeba, wakamzika. Hakuna atakayekuja kushukuru, wala hakuna ambaye angelalamika lau tungemwacha. Twafanya hivyo kwa kuwa haki ya mtu haimtoki pamoja na pumzi. Basi kutokuwapo kwa mdai hakufuti deni. Huliacha mikononi mwa mdaiwa peke yake.

Na deni langu ni zaidi ya kipande cha udongo. Watu wa Engaruka hawakuacha maandishi. Wanachoweza kutuambia kimo katika mawe na vigae, na kigae husema vizuri kikiwa mahali pake. Nilipokitia mfukoni nilimnyamazisha mtu asiye na ulimi mwingine. Dawa ya deni ni kulipa, nami siwezi kulipa lote, kwani nimesahau nilikiokota penye ukuta upi.

Nimeandika kikaratasi: mahali, mwaka, na jina la aliyekichukua. Wiki hii nitavipeleka vyote viwili Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Mjukuu wangu ameniuliza, “Babu, jina la nini, na hakuna aliyekuona?” Nikamwambia wapo walimu kadhaa katika nchi hii, baadhi yao sasa wastaafu, ambao mpaka leo wanaamini kuwa siku ile sikuokota kitu.