Je, Utawala wa Kura Waweza Kuletwa kwa Bunduki?

Wako wasemao kwamba taifa lenye nguvu laweza kumwondoa mtawala mkali katika nchi ya watu na kuwaachia wenyeji utawala wa kura. Ushahidi wao ni Japani, iliyokaliwa na majeshi ya Marekani tangu 1945 hata 1952. Kweli, Aprili 1946 wanawake wa huko walipiga kura ya bunge mara ya kwanza, na 39 wakachaguliwa. Lakini na tutazame vema: Wajapani walikuwa na bunge tangu 1890, na wanawake wao walikuwa wameidai haki hiyo miaka mingi. Mgeni alikuta shamba limekwisha kulimwa, ingawa lilisongwa na magugu ya utawala wa wanajeshi.

Afghanistani je? Majeshi yaliingia 2001, rais akachaguliwa kwa kura 2004. Tarehe 15 Agosti 2021, wageni walipokuwa wakiondoka, Taliban waliingia Kabul, na rais akakimbia. Serikali iliyoishi kwa fedha za wageni ilikuwa imezoea kuwasikiliza wageni. Wala nisidhaniwe kusema kwamba Waafghani hawakutaka kura; wengi walipiga huku wakitishwa kuuawa. Basi, yeye aliyewaita kwenye sanduku lile, kisha akaenda zake, ana deni gani kwao?