Kitambaa cha Kichwa na Hiari ya Mwanamke

Jumapili moja baada ya Misa wazazi walitujia hapa Mpofi na swali. Binti wa mfanyabiashara mmoja, Mwislamu aliyetoka upande wa Maniema, alikuwa amerudishwa nyumbani na shule moja ya upande wetu kwa kuwa alikataa kuvua kitambaa chake cha kichwa. Mzee mmoja alisema: «Walifanya vema, shule ina sheria yake.» Mama mmoja akamjibu: «Na mimi niliyeingia kanisani leo na kilemba, mbona hamkunifukuza?» Watu walicheka. Lakini neno la mama yule lafaa tulifikiri.

Kwanza tujitazame sisi wenyewe. Katika picha zetu Bikira Maria amefunika kichwa. Masista wetu huvaa shela. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto juu ya jambo hilo, na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwaagiza wanawake wafunike kichwa kanisani. Sheria mpya ya mwaka 1983 haikuirudia amri hiyo. Basi kitambaa cha kichwa si kitu kigeni kwetu. Waislamu nao, ambao dini yao ilifika Kongo katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara wa pwani waliokaa Nyangwe na Kasongo, hutegemea sura ya Nuru katika Kurani. Wala wao wenyewe hawapatani wote juu ya namna ya kujifunika.

Kwa hiyo hatuulizi kama kitambaa ni kizuri au kibaya. Twauliza: ni nani akifungaye, na kwa hiari ya nani?

Nchini Irani sheria humlazimisha mwanamke kufunika nywele. Mwezi wa Septemba 2022 msichana Mahsa Amini, mwenye miaka 22, alikufa mjini Tehran baada ya kukamatwa na polisi kwa ajili ya mavazi yake. Huko Ufaransa sheria ya mwaka 2004 inawakataza wanafunzi wa shule za serikali kuvaa alama za dini zinazoonekana wazi, na kitambaa cha Waislamu kimo. Hatusemi kwamba mambo haya mawili yana uzito mmoja: kutolewa darasani si sawa na kufa. Lakini mzizi wake ni mmoja. Mwenye mamlaka amwambia mwanamke: «Mimi najua kuliko wewe yakupasayo kuvaa.» Hata sisi tuliyaona. Wazee wetu wakumbuka miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, mwanamke alipokatazwa suruali na nywele za bandia, akaamriwa kikwembe. Kikwembe ni vazi zuri, na mama zetu walikipenda kabla ya amri. Amri haikukiongezea uzuri wo wote.

Na Kanisa lafundisha nini? Tunapowaandaa wachumba, twawaambia kwamba anayefunga ndoa kwa kulazimishwa, ndoa yake si ndoa. Vivyo hivyo nadhiri za mtawa zikitolewa kwa nguvu, kwa hofu kubwa au kwa udanganyifu, Kanisa halisemi ni nadhiri dhaifu. Lasema hakuna nadhiri. Tena Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 7 Desemba 1965 juu ya uhuru wa dini, ulifundisha kwamba mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake, wala asizuiwe kuifuata, maadamu mipaka ya haki yalindwa.

Tumfikiri Mwenye heri Anuarite. Aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa sababu alimkatalia kanali wa waasi aliyemtaka. Shela yake ilikuwa na thamani kwa kuwa aliitaka mwenyewe. Yule aliyemwambia Mungu «ndiyo» kwa hiari ndiye aliyeweza kumwambia kanali «hapana». Mwanamke aliyenyimwa moja katika maneno haya mawili, la pili nalo limepungua kinywani mwake.

Mtu atasema: «Mwalimu, mkiwaachia wanawake wavae wapendavyo, maovu yatazidi.» Tutamjibu hivi. Adabu ya mavazi ni fadhila, nasi twaifundisha, kwa wanaume pia. Lakini fadhila haipandwi kwa fimbo. Mwezi wa Novemba 2014, mjini Nairobi, wanaume walimvua mwanamke nguo mbele ya watu, wakidai kwamba amevaa bila adabu. Adabu gani hiyo?

Na sisi wa njia hii twajua zaidi. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, watu wenye silaha waliingia vijiji 13 vya njia ya Kibua hadi Mpofi. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 walionajisiwa: wanawake 300, wasichana 55, wanaume 23 na wavulana 9. Ni nani atakayethubutu kuuliza walikuwa wamevaa nini? Dhambi ilikuwa mioyoni na mikononi mwa wale wenye silaha, haikuwa katika nguo ya mtu. Nchi iliyoona hayo ingepaswa kuwa ya kwanza kusema: mwili wa mwanamke usiguswe kwa nguvu, wala kumvika wala kumvua.

Lipo swali gumu zaidi. Binti wa miaka 12 achagua nini? Je, si baba yake aliyemchagulia? Ndiyo, mara nyingi ni hivyo. Lakini sisi nasi twawabatiza watoto wachanga, na twawavika nguo nyeupe siku ya Komunyo ya kwanza bila kuwauliza. Kulea ni haki ya wazazi na ni wajibu wao. Ila malezi mema yana alama yake: mtoto aweza kuuliza «kwa nini?» bila kupigwa, na akiisha kukomaa aweza kukishika alichofundishwa, au kukiweka chini, bila kufukuzwa nyumbani. Kipimo hiki ni cha baba Mwislamu, na ni chetu pia.

Sasa turudi shuleni. Sare ya buluu na nyeupe ina faida: mtoto wa maskini na wa tajiri hukaa benchi moja bila kuchekana. Hatutaki iondolewe. Lakini tujifunze kwa jirani. Huko Isiolo, nchini Kenya, shule iliyodhaminiwa na Kanisa la Metodisti iliingia mahakamani kwa ajili ya kitambaa hiki. Mwaka 2015 wasichana walishindwa, mwaka 2016 walishinda katika Mahakama ya Rufani, na tarehe 24 Januari 2019 Mahakama ya Juu ilitengua ushindi huo kwa kuwa dai lao halikuletwa kwa utaratibu unaofaa. Miaka ikapita, wazazi na walimu wakibishana, na msichana aliyekuwa darasani siku ile ya kwanza alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima.

Sisi twaweza kufanya kwa njia fupi. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 22, yampa kila mtu uhuru wa dhamiri na wa dini. Mkurugenzi na wazazi wakae pamoja, wakubaliane kitambaa chepesi cha rangi ya sare, uso ukiwa wazi. Anayetaka avae, asiyetaka asivae, na mwalimu asimcheke huyu wala yule.

Tunapoandika haya, binti yule yuko sokoni, auza chumvi na mama yake, na wenzake wako darasani. Wazazi Wakristu, kabla ya Jumapili ijayo mwendeeni baba yake. Msiende kumhubiria habari za kitambaa. Mwulizeni tu: tufanye nini ili mtoto arudi kusoma?